Jina la Fundi Sauti

Kusema kweli, nani husoma majina yanayopita mwishoni mwa tamthilia? Wimbo wa kufungia ukianza tu, mmoja ameinuka kwenda msalani, mwingine anagombania rimoti. Lakini yupo mtu anayeyaandika, na katika kituo kimoja cha televisheni mtu huyo alikuwa mhariri waliyembandika jina la Mkasi, kwa jinsi alivyokata picha bila huruma.

Kazi yenyewe ni ya kunakili. Unafungua faili la wiki iliyopita, unabadilisha waigizaji wageni, wa kudumu unawaacha walivyo. Ndiyo maana kaka yake Mkasi, fundi sauti wa tamthilia hiyo, alikuwa ametimiza miezi mitano kaburini na jina lake bado lilipita kila Alhamisi. Wenzake walidhani dada mtu amesahau. Hakusahau hata kidogo. Kila wiki alifika kwenye mstari ule, akauruka, akashuka mstari wa chini. Nyumbani mama yao alikuwa akilingoja jina hilo.

Wiki hiyo fundi sauti mpya, bwana wa makamo mwenye haya nyingi, alimfuata kwenye chumba cha uhariri, akavuta kiti.

"Dada, samahani nakusumbua. Najua aliyenitangulia ni nani kwako."

"Sema tu, kaka."

"Mama yangu anaumwa, hatoki kitandani. Kila Alhamisi anawanyamazisha watu asome majina mpaka mwisho. Langu halioni. Juzi kaniuliza kama kweli nina kazi, au namdanganya ili atulie."

Mkasi alikuwa amejiandaa kugombana na bosi, hata na kituo kizima. Mama wa mtu hakumfikiria. Akafungua faili mbele ya yule bwana, akafuta herufi mojamoja kutoka nyuma, kwa kuwa kulifuta jina zima kwa mpigo mmoja kulimshinda.

Alhamisi saa moja jioni alikaa na mama yake sebuleni. Siku tatu nzima alitafuta namna ya kumwambia, na siku tatu nzima alijitia ana kazi jikoni. Tamthilia ikaisha, ukaanza wimbo wa kufungia, ambao kaka yake ndiye aliyeurekodi. Mama, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akainuka kama kawaida yake, akasogea mpaka kwenye runinga, akaweka kidole juu ya kioo pale jina la mwanawe lilipozoea kutokea. Majina yakapanda. Jina geni likapita chini ya kidole. Wimbo ukaisha, tangazo la sabuni likaingia, na kidole kilikuwa palepale.

"Leo hayupo," mama alisema.

"Nimemtoa mimi, mama. Aliyeshika kazi yake ana mama mgonjwa, naye huyo mama alikuwa analingoja la mwanawe."

Mama akaondoa kidole kwenye kioo.

"Huyo mama ameliona?"

"Nadhani ameliona."

"Haya, vizuri." Akarudi taratibu kwenye kochi. "Mimi najua mwanangu amekufa, sijachanganyikiwa. Ila kila Alhamisi nilikuwa najiambia, bado yuko kazini."

Ndipo akaangua kilio, na Mkasi akazima runinga.