Mfalme wa Tatu Nukta Nane

Jumatatu ya kwanza ya likizo, mimi Cédric na mwenzangu Kaneza tuliketi kikao halali jikoni kwetu Umbilo, mbele ya sahani ya mandazi, ili kutoa azimio. Shule ya bweni imenifundisha mambo mawili: kutandika kitanda kabla ya kengele, na kwamba upuuzi wowote ukiandikwa chini ya neno "azimio", watu wazima huusoma bila kucheka.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Tumeandika programu inayorusha maneno ya nyimbo kwenye ukuta wa kanisa, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kirundi. Kwaya saba za Durban na pembeni zinaitumia. Tumeiandika kwa Python, lugha ya kompyuta ambayo hutoa toleo jipya kila mwaka. Sasa tulitaka kuiboresha, na ilitupasa kutangaza toleo la chini kabisa tutakalokubali. Mwenye mashine iliyo chini ya hapo, programu haitamfungukia.

"Tuweke 3.10," alisema Kaneza. "Mistari yangu arobaini ya kuchagua lugha inakuwa kumi. Hiyo 3.8, hata walioitengeneza wameshaacha kuitunza."

"Na kwaya ya Pinetown?"

Akaweka andazi chini. Jumapili ya wiki ile, Bibi Nahimana, nyanya yake aliyemlea, alikuwa aimbe peke yake huko Pinetown, mara ya kwanza tangu masikio yaanze kumfunga. Ngoma huisikia kwa nyayo, lakini maneno huyachukua ukutani. Programu isipofunguka, angesimama kimya mbele ya watu wote.

"Basi tuwaulize," akasema.

Tukaziuliza kwaya zote saba kwenye group: mashine yenu iko na Python ya ngapi? Majibu yalikuja haraka ajabu. Zote saba: ya mwisho. Papa Méthode, kiongozi wa kwaya ya Pinetown na fundi mwenye duka la simu, alituma sauti.

"Mwanangu Cédric, unaniuliza mimi? Mimi ninayeuzia watu simu? Hapa iko ya mwisho. Dernier cri, mtindo wa leo leo!"

Hapa ningepaswa kutumia akili. Kwetu mtu anaweza kulala na chai tupu, lakini kiatu chake kitang'aa, na hakuna atakayekiri mbele ya group kwamba kitu chake ni cha zamani. Haya nayajua tangu nizaliwe. Hata hivyo niliandika: "Wote wana ya mwisho. Toleo la chini ni 3.10." Kaneza akatia sahihi.

Kisha nikafanya kosa lililotuokoa.

Peguy wa kwaya ya Umbilo alikuwa ametuma picha nne za kompyuta yake mpya, moja ikiwa ya boksi. Niliona ni wajibu wangu kumshusha. Kabla ya kutoa programu mpya, nilituma marekebisho madogo ya ile ya zamani, na ndani yake nikaficha vyeo. Ukiifungua, inatazama Python yako na kukusalimu kwa cheo, bila kueleza kimetoka wapi. Wenye toleo jipya kabisa niliwaita Mfagizi Msaidizi. 3.10 ni Karani. Na 3.8, ambayo niliamini hakuna aliyebaki nayo, nikaiita Mfalme Mkuu, Simba wa Nyimbo, Asiyepitwa na Wakati.

Jumatano, Peguy alipiga simu.

"We Cédric, mimi mfagizi? Eish! Tena msaidizi? Msaidizi wa nani?"

Nilikuwa bado nimelala sakafuni kwa kicheko, Kaneza akinipiga na kitambaa cha sahani, picha ilipoingia kutoka Pinetown. Papa Méthode, amevaa koti la Jumapili siku ya Jumatano, amejipiga picha kando ya kompyuta ya kanisa. Chini yake ameandika: "Waone wenyewe. Niliwaambia iko ya mwisho."

Kwenye kioo, kwa herufi kubwa: MFALME MKUU.

Kaneza alininyang'anya simu.

"Mfalme ni namba gani?"

"Tatu nukta nane."

"Na sisi tumeandika kumi."

"Tumeandika kumi."

"Bibi," alisema, akaketi.

Nilimpigia Papa Méthode, kwa heshima zote.

"Papa, hiyo mashine iko na Windows gani?"

"Mwanangu, mfalme anaulizwa Windows?"

"Ni kwa kumbukumbu za ufalme, Papa."

Akajibu kwa sauti ya mtu anayeungama: "Saba. Lakini usiandike kwa group."

Windows hiyo haipokei Python yoyote kupita 3.8, hata uibembeleze. Kikao cha pili hakikuchukua dakika mbili: toleo la chini ni 3.8. Kaneza aliirudisha mistari yake arobaini mmoja mmoja, akinung'unika kwa Kirundi maneno ambayo sikuomba tafsiri.

"Ungekuwa na akili tusingefika hapa," aliniambia.

"Ningekuwa na akili tusingejua mpaka Jumapili."

Kaneza alinisogezea andazi la mwisho.

Jumapili, kanisani Pinetown, Papa Méthode alichomeka flash yenye programu mpya. Mashine ilifikiri kwa sekunde tisa. Kaneza alikuwa ameshika mkono wa shati langu, anaukamua kama nguo ya kufua. Ghafla ukuta mzima ukawaka: MFALME MKUU, SIMBA WA NYIMBO, ASIYEPITWA NA WAKATI. Nilikuwa nimesahau kuviondoa vyeo.

"Amina!" liliitika kanisa zima.

Papa Méthode aliinamisha kichwa kidogo, kwa unyenyekevu.

Kisha maneno ya wimbo yakatokea. Bibi Nahimana aliinua macho ukutani, akachelewa kidogo, akaanza, na neno lake la kwanza lilikuwa ndilo lililoandikwa. Kaneza aliachia shati langu na kushusha pumzi ndefu hivi kwamba mama aliyekaa mbele yetu aligeuka kutazama.

Mlangoni, Papa Méthode alinivuta pembeni.

"Cédric, mwaka kesho mtaniongezea cheo?"

"Haiwezekani, Papa. Juu yako hakuna kitu."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa.