Aliyevuta Nusu

Marlys aliniuliza kama nimesikia, nikamwambia sikusikia kitu. Uongo mtupu. Tulikuwa jikoni kwake mchana kweupe, mvua ya Juni inanyunya, na kutoka upande wa banda ikaja sauti ya shotigani ya pampu inapovutwa nyuma. Kraa! Halafu kimya. Mtu yeyote wa huku Alaska anajua sauti hiyo ina nusu mbili, ya kuvuta na ya kusukuma, na ukisikia ya kwanza mwili mzima unaingoja ya pili. Haikuja.

"Ni Orrin," Marlys akasema. "Bado anavuta."

"Kunywa kahawa yako, mwenzangu. Hilo bati la banda limelegea."

"Bati lina pampu siku hizi?"

Nywele za mikono zilikuwa zimenisimama, na mimi si mtu wa kuogopa mizimu. Nimeishi kijiji hiki tangu nilipoolewa na mvuvi wa huku, nikiwa msichana wa Pangani asiyejua hata kuvaa soksi. Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa hakuna hata mmoja anayekisoma, na haya si ya kusomwa hapa.

Orrin Tveit alikuwa mume wa Marlys, na shotigani ile ilikuwa mke wake wa pili. Tulimtania hivyo naye akafurahi. Ilikuwa fupi, ya kubeba begani unapopita vichakani, kwa maana dubu wa huku hakupi nafasi ya kugeuza mtutu mrefu. Kila kipupwe alikuwa na jipya la kuifanyia. Alikikata kitako kilingane na mkono wake wa kulia, ambao mashine ya kiwanda cha samaki iliula vidole viwili. Alifunga mkanda wa ngozi kwenye kishikio, ile mbao ya chini ya mtutu unayoivuta na kuisukuma, ili mkono usiteleze ukiwa na utelezi wa samaki. Shabaha ya mbele, ile ya kulengea, aliipaka rangi nyekundu ya kucha ya Marlys, naye Marlys akanuna siku nzima.

Krismasi ya mwisho ya uhai wake, binti yao Signe alimpa kibebea risasi cha plastiki, kile cha kufungwa ubavuni mwa bunduki ili risasi za akiba ziwe karibu na mkono. Alikifunga mwenyewe kwa bisibisi, mezani, baba yake akimwangalia kama mtu anayetazama mtoto akitembea mara ya kwanza.

"Sasa nikikutana na dubu," Orrin akasema, "nitamwambia asubiri nichague ya rangi gani."

Wakaenda machimbo ya kokoto kuijaribu, maana huku kila bunduki hujaribiwa machimboni. Nami nilikwenda. Tukapiga makopo kwa risasi za marisau, zile rahisi za kupigia ndege, tukizichota kwenye ndoo. Risasi nene za dubu ni ghali na zinavunja bega, hakuna anayezichezea, kwa hiyo kibebea kile kilikaa kitupu siku nzima. Bunduki ilivuta na kusukuma kama maji. Tukarudi tunanuka baruti, tukala mikate ya samaki tukacheka.

Agosti, Orrin alikutwa kwenye mdomo wa kijito, karibu na kambi yao ya nyavu. Nyayo za dubu zilikuwa kila mahali. Alikuwa amepiga risasi moja. Ndani ya bunduki lilikutwa ganda tupu la risasi ile ile, limerudishwa mahali pake, na nyuma yake risasi nzima zimepanga foleni hazijaguswa. Kwa watu wa huku hilo halihitaji mwalimu. Pampu ukiivuta mpaka mwisho, ganda linaruka nje na risasi mpya inapanda. Ukiivuta nusu, ganda linarudi ndani, unafyatua, linalia tak, na dubu anakuja.

Anayevuta nusu ni mtu aliyeshikwa na hofu. Ndivyo wanavyosema.

Buck Halloran, mwenye baa, ndiye aliyeipeleka bunduki machimboni na wenzake kuikagua. Wakatoa risasi zote kwanza, za ndani na za kibebea, kama tunavyofundishwa wote tangu utotoni. Wakavuta. Ikavuta mpaka mwisho, safi kabisa. Basi, hukumu ikatoka: bunduki haina kosa, kosa ni la Orrin. Na Buck hawezi kukaa na neno bila kulifanyia mzaha. Mtu akiacha bia yake nusu, Buck anamwambia, "Unainywa kama Orrin." Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Laiti ningekuwa na kikaango mkononi.

Marlys hakukanyaga baa tena. Hakumlilia Orrin kwa kufa tu, alimlilia kwa kufa ameogopa. Ndipo zikaanza zile sauti za bandani, na Juni hii zilikuja wakati mbaya, kwa sababu Signe alikuwa ameamua kwenda kambini peke yake kuvua, palepale kijitoni, na alitaka bunduki ya baba yake. Si nyingine. Nilitaka kumpa ya marehemu mume wangu, nzuri tu, akakataa.

"Hiyo ya Baba inanitosha, Anti."

Siku ile ya mvua, sauti ikaja tena. Kraa! Marlys akaweka kikombe chini.

"Twende wote," akasema, "au nitakuwa kichaa."

Tukaenda, ameshika mkono wangu kwa kucha. Nilisukuma mlango wa banda. Hakukuwa na mzimu. Alikuwa Signe, aliyekuwa ameaga kwamba anakwenda bandarini kushona nyavu. Alikaa juu ya kreti la samaki, shotigani mapajani, kibebea kimejaa risasi nene za dubu. Alivuta kishikio. Kikaja, kraa, kikagonga risasi ya kwanza ya kibebea na kugoma. Akakirudisha mbele polepole sana, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Akavuta tena. Kikagoma palepale.

Marlys alimnyang'anya. Akavuta yeye, kikagoma. Akachomoa ile risasi ya kwanza, akavuta, na kishikio kikaja mpaka mwisho, kwa sababu plastiki tupu inapinda na kukipisha. Akairudisha risasi. Kikagoma.

Nilielewa pale pale. Kibebea kilifungwa mbele mno, upana wa ukucha tu. Orrin alivuta kwa nguvu zake zote. Kibebea kikiwa kimejaa, hapakuwa na nafasi ya kuvuta.

"Wewe umejua lini?" Marlys akauliza.

"Oktoba."

"Na hujakiondoa."

Signe akageuza uso.

"Unataka kwenda kule peke yako, na hii, ikiwa hivi hivi. Signe! Niangalie nikisema nawe!"

"Nilikifunga mimi, Mama."

Marlys akampiga kofi. Kisha akamkumbatia kwa nguvu mpaka wote wakaanguka juu ya nyavu, naye anasema maneno ambayo mengine hayakuwa maneno. Mimi nilichukua bisibisi ukutani nikakitoa kile kibebea. Skrubu zikaniponyoka sakafuni.

Signe aliponyanyuka, uso wake ulikuwa umetulia, na utulivu ule ulinitisha kuliko machozi.

"Nakwenda kwa Buck," akasema. "Nawaambia wote. Baba hakuogopa."

"Hutawaambia kitu."

"Wanamcheka, Mama!"

"Watakucheka wewe? Wewe hawatakucheka. Watakuonea huruma mpaka uzeeke. Kila utakapoingia dukani watanyamaza."

"Sijali."

Akaingia kwenye gari. Tukawahi kupanda naye, Marlys katikati, hakuna aliyefunga mkanda.

Baa ilikuwa na wanaume wale wale. Buck alipomwona Marlys mlangoni, baada ya miezi yote ile, aliweka glasi chini na kufuta mikono kwenye aproni. Signe akasogea mbele.

"Nataka kusema jambo kuhusu baba yangu," akaanza. "Baba yangu—"

"Baba yake aliogopa," Marlys akasema.

Alisema kwa sauti ya juu, wa mwisho kule kwenye meza ya pool asikie. Signe aligeuka akamtazama mama yake, mdomo wazi.

"Orrin aliogopa akavuta nusu," Marlys akaendelea. "Mmenong'ona nyuma yangu miezi kumi, mnangoja nikubali. Haya, nimekubali. Mume wangu alishikwa na hofu, akafa nayo. Kuna mwenye neno?"

Nilitaka kupiga kelele. Nilimpenda Orrin, na nilijua Marlys alivyomheshimu, na nilimwona akimzika mara ya pili kwa mikono yake mwenyewe.

"Marlys," Buck akasema, amekuwa mwekundu hadi shingoni. "Ule ulikuwa mzaha tu. Yeyote kati yetu angeogopa."

"Najua," akasema. "Nipe kahawa."

Ndipo Signe alipolia. Hakuwa amelia tangu baba yake afe, wala kaburini wala nyumbani. Alilia kwa sauti, amelaza kichwa kwenye bega la mama yake, na Marlys akimpapasa mgongo, macho makavu, akiwatazama wanaume mmoja mmoja. Wao waliinamia glasi zao kwa adabu, wakidhani binti analia kwa aibu ya baba yake.