Sentimita Mbili Zilizopotea

Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, kwa hiyo alipotaka kumtengenezea mkewe rafu ya vyungu vya maua, hakuona kwa nini amwachie seremala kazi ya kupanga. Alikaa mezani siku mbili na penseli yake. Ubao mmoja, sentimita mia mbili na arobaini. Vipande vinane vya thelathini thelathini. Hakibaki kitu, hakitupwi kitu.

Seremala alikuwa mwanafunzi wake zamani, wa dawati la nyuma kabisa. Aliisoma ile karatasi, akajikuna shingo.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Usiulize. Kata kama nilivyoandika."

"Haya, Mwalimu."

Akapima thelathini, akakata. Akapima tena thelathini, akakata tena. Msumeno wa umeme ulipiga kelele mpaka vipande saba vikalala sakafuni, vyote sawa kama mapacha. Kilichobaki mkononi, cha nane, kilikuwa kifupi.

Mwalimu alikipima. Ishirini na saba na pointi tisa. Akageuza tepu, akapima kuanzia upande wa pili. Ni ile ile. Akaomba tepu nyingine. Ni ile ile. Ubao aliupima mwenyewe, dukani na hapa karakanani, mara mbili. Alijumlisha vipande vyote kwenye karatasi, akapata mia mbili thelathini na saba na pointi tisa. Sasa hizo mbili na ushee zimekwenda wapi? Aliinama akachungulia chini ya benchi. Akamtazama seremala kwa jicho la pembeni, kisha akaona aibu, maana mtu hawezi kuiba sentimita mbili za ubao akazitia mfukoni mbele ya macho yako.

"Hesabu haidanganyi," alisema, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeomba kuhakikishiwa.

"Haidanganyi, Mwalimu. Ila msumeno una meno, na chenye meno hula. Kila ukipita unakula milimita tatu. Umepita mara saba."

Mara saba tatu. Mwalimu alikokotoa kichwani, jibu likaja papo hapo, na bado hakuelewa. Alielewa hesabu yenyewe. Asichoelewa ni vipi alikaa na karatasi ile siku mbili nzima bila kuliona jambo hilo.

"Wewe ulitaka kuniuliza nini?"

"Hilo hilo."

Mwalimu alikaa kwenye gogo. Mwishowe akasema rafu iwe ya ngazi saba, na kile kifupi seremala akae nacho.

Jioni waliiingiza sebuleni. Mkewe aliizunguka, akaipapasa, akafurahi kweli. Mwalimu akaona heri akiri mapema.

"Mama watoto, nisamehe. Zilipaswa kuwa ngazi nane."

"Nane za nini? Vyungu vyangu ni sita."

Mwalimu alitaka kusema kwamba mia mbili na arobaini ikigawanywa kwa nane haibakizi kitu, lakini alipomwona mkewe anavyomsubiri, akatambua kwamba hilo halikuwa jibu la swali lolote alilowahi kuulizwa. Mkewe alikwishapanga vyungu vyake sita. Kwenye ngazi ya saba, ya chini kabisa, akaweka ndala.