Lakiri Haijaguswa

Hofu ilimwingia Salome pale baba yake alipoinama nyuma ya kompyuta nyeusi dukani kwa Deo, akapapasa kitu kwa kidole gumba, akatabasamu. Mashine yenyewe ilikuwa hata haijawashwa.

Walikuwa wametoka Mikumi asubuhi ile kuja Kilosa mjini kutafuta kompyuta ya kuchezea gemu, iliyoungwa tayari, kwa kipande cha mwisho cha kiinua mgongo cha baba yake, Mzee Melkizedek. Mpango ulieleweka hata kwa mbuzi. Madereva wa malori hulala Mikumi, vijana wamejaa vibarazani, na wote wangelipa kucheza mpira na mbio za magari kwenye kioo. Januari Salome angeingia chuo cha ualimu Morogoro. Mashine ikigoma, chuo hakuna. Kuna vibarua kwenye mpunga wa watu kule Tindiga.

Miaka ile ya soko huria kila aliyewahi kufika Kariakoo alirudi akafungua duka. Maduka ya kompyuta Kilosa yalikuwa mawili, yakitazamana, na walianzia kwa Cornel, kijana mpole mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi. Kompyuta yake ilikuwa ya kijivu, sura mbaya, ina mkwaruzo ubavuni. Alichukua bisibisi bila kuombwa, akaifungua, akawaonyesha.

"Feni hii nimebadilisha mwenyewe. Hii hapa ni kadi ya picha. Bila hii gemu zinakwama. Si mpya, mzee wangu, sikudanganyi."

Salome, aliyefundishwa kompyuta shule ya misheni, alitamani kumkumbatia. Baba yake alirudi nyuma hatua moja.

"Imeshafunguliwa," alinong'ona walipotoka. "Nani ajue mle ndani kimetolewa nini?"

Ya Deo, mwenye duka la pili, haikuwa imefunguliwa. Ilikuwa na taa za bluu, na nyuma, pale vifuniko vinapokutana, ilibandikwa stika ya rangi ya fedha yenye namba, nzima kabisa.

Lazima umjue Melkizedek ndipo uelewe. Miaka ishirini na sita alikuwa karani wa godauni la mizigo pale stesheni ya reli, mpaka alipopunguzwa kazini. Behewa likifika, aliangalia lakiri, ule muhuri wa risasi unaofungwa mlangoni. Ikiwa nzima, mzigo ni mzima, anatia saini. Ikiwa imekatwa, kuna mwizi. Kufungua uchungulie ndani kulikuwa kosa, na watu walifukuzwa kwa kosa hilo. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha stika yenye namba, umemmaliza.

"Baba, mwambie afungue tuone," Salome alisema.

"Nikifungua, waranti imekufa," Deo alijibu haraka, huku akitabasamu. "Mwezi mmoja, mzee, mradi lakiri isiguswe."

Neno hilo, lakiri, Deo alilitoa wapi? Pengine alikuwa amewauzia makarani wengine wa reli. Melkizedek alinakili namba ile kwenye daftari lake, akalipa.

Wiki ya kwanza kibanda chao cha gemu Mikumi kilijaa, na Salome akaanza kujiona mjinga. Wiki ya pili picha ilianza kuganda, kwanza baada ya saa nzima, kisha nusu saa, kisha dakika kumi. Harufu ya plastiki iliyopata moto ikawa inabaki kibandani hata mashine ikizimwa. Wateja walidai hela zao, wengine kwa matusi. Siku moja Salome alimulika tochi kwenye matundu ya pembeni. Feni ilikuwa imefungwa kwa waya wa umeme na haizunguki. Mahali pa kadi ya picha palikuwa patupu.

"Baba, niruhusu nifungue. Nikaazime feni hata kwa fundi redio."

"Usiguse!" Hakuwahi kumfokea hivyo. "Lakiri ikikatwa, tutarudi na nini kwa Deo?"

Siku ya ishirini na tatu waliibeba wakairudisha, wameifunga blanketi. Cornel alikuwa ameshauza ile ya kijivu. Deo aliwasikiliza kwa adabu zote, akasema ni umeme wa Mikumi, waranti haihusiki na umeme. Na alipokuwa akisema, mikono yake haikukaa bure. Alivuta rola ya stika kutoka kwenye droo, akachana moja ya rangi ya fedha, akaibandika nyuma ya kompyuta kuukuu iliyokuwa mezani, akaisugua kwa kidole mpaka ikashika. Rola ile ilikuwa nene kama ya tiketi za basi.

Melkizedek aliitazama muda mrefu. Salome alingoja apige meza, aite polisi, afanye lolote. Mzee aliinama akafunga blanketi upya.

Siku mbili baadaye alimpelekea mtu ujumbe kwamba ana kompyuta ya kuuza.

Mtu huyo alikuwa Timotheo, mkulima wa Magole aliyekuwa ameuza mahindi yake na kutaka naye kufungua kibanda cha gemu Dumila. Alifika Mikumi, akasalimia, akaitikiwa marahaba. Melkizedek aliwasha mashine, taa za bluu zikawaka, gari likakimbia kwenye kioo. Salome alihesabu dakika kichwani. Dakika ya tano baba yake aliizima.

"Angalia nyuma," alisema. "Lakiri haijaguswa."

Timotheo aliinama, akaridhika na alichokiona. Lakini hakutoa hela. Alimgeukia Salome.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma mambo haya. Nimeuza shamba zima la mwaka huu. Niambie, ni nzima?"

Salome alimwangalia baba yake, naye alikuwa anaangalia sakafu. Fomu ya chuo ilikuwa kwenye mkoba wake, imejazwa tayari, imebaki kulipiwa. Alikuwa na jibu, na alilichukia hata kabla halijamtoka.

"Haijafunguliwa, baba," alisema. "Ilivyotoka dukani ndivyo ilivyo."

Timotheo alishusha pumzi, akacheka, akamshukuru mara mbili. Akamwombea heri ya masomo, na Salome akamsaidia kuibeba mpaka kwenye gari.