Damu Safi ya Kalekye

Umewahi kumwona mtu aliyegeuka rangi ya papai, viganja, nyayo, mpaka mikunjo ya pua, na bado macho yake ni meupe pe kama maziwa? Basi ndivyo alivyokuwa Kalekye asubuhi ile ya Jumatatu, ameinama juu ya karai nyuma ya banda la kuchambulia matunda, akisugua mikono kwa jivu na kipande cha gunia. Alisugua mpaka ngozi ya vidole, ambayo utomvu wa mapapai mabichi ulikuwa umeshaanza kuila, ikachanika. Damu ikatoka, nyekundu. Ile rangi nyingine ikabaki pale pale.

"Bado?" akauliza Mbula, jirani yake, ambaye waliamka pamoja na kuchambua pamoja kila siku.

"Bado."

"Asi! Usikae karibu na kreti, Kalekye. Tutakufunga kwa gazeti tukupeleke Nairobi."

Wanawake wakacheka, lakini kidogo tu. Kucheka nako kunataka nguvu.

Shamba lilikuwa la Mzee Maundu, kati ya Ekalakala na mto, na mwaka ule wa elfu mbili ndilo lililokuwa eneo la kijani pekee ambalo jicho lingeliona upande ule. Mvua ilikuwa imekataa. Bwawa la Masinga lilishuka hadi nchi nzima ikawa inapewa stima kwa zamu, lakini pampu ya Maundu ilikula dizeli na haikukosa siku. Mapapai mazuri yalifungwa kwa magazeti, yakapangwa kwenye kreti, yakaondoka na lori. Yaliyochubuka, yaliyopondeka, yaliyotobolewa na ndege yaliitwa rijekti. Rijekti ndizo zilizokuwa malipo: ndoo moja kila jioni kwa kila mama. Pesa, alisema Maundu, zitakuja na mvua.

Kalekye alikuwa na watoto wawili, Mbinya na Ndunda. Mchana walipewa uji shuleni. Unga wowote aliobahatika kuupata, kikombe hapa, konzi pale, aliwapikia wao jioni, akakaa mbali na sufuria ili harufu isimsumbue. Kyalo, mumewe, alikuwa amekwenda Mwea kutafuta kibarua cha mpunga, na tangu aende hakuna barua, hakuna salamu. Kalekye mwenyewe alikula papai. Asubuhi papai. Mchana papai, amesimama, nzi wakitua kwenye kidevu. Jioni alichukua yale mabichi, akayakata vipande vyembamba, akayachemsha kwa chumvi, akajidanganya ni kabeji. Alitafuna hata zile mbegu nyeusi, kwa sababu zinawasha kama pilipili na mdomo ulikuwa umechoka na utamu.

Tangu mwezi wa saba. Sasa ilikuwa wa kumi. Ulimi ulikuwa umepasuka katikati. Jasho lake lilinuka papai lililolala. Shuka lilinuka. Akijisaidia, kilichotoka kilikuwa kile kile alichokiingiza, laini, cha rangi ya machungwa, na akikiangalia alitamani kutapika, ila angetapika nini? Kreti aliyokuwa akiinyanyua kwa mkono mmoja sasa aliikumbatia. Kutoka shambani mpaka nyumbani alipumzika mara tatu, na kila mara Mbula alisimama akamngojea, akitazama pembeni.

Halafu mahindi ya msaada yakaja, magunia yaliyopangwa mpaka dirishani katika stoo ya chifu. Kamati ikaundwa, na mwenyekiti wake akawa Mzee Maundu. Kamati ikaamua kwamba anayefanya kazi shambani haandikwi, kwa sababu ana chakula. Labda awe mgonjwa, na alete karatasi ya daktari.

Ndipo Kalekye akajiambia: mimi ni mgonjwa, kila mtu anaona. Neno lile lingine hakulifikiria. Mtu mzima anaweza kusimama mbele ya watu akasema naumwa, akapewa pole na kiti. Lakini mke wa watu, ametoka nyumba ambayo majirani walikuwa wakiijia kuomba mbegu, asimame aseme nina njaa? Afadhali avuliwe nguo.

Kwa Daktari Onesmus, kule Kithyoko, alitolewa damu chupa mbili. Moja ilitazamwa pale pale siku stima ilipokuwepo. Nyingine ilitumwa mjini. Baada ya wiki akarudi kuchukua majibu, na kwa kuwa majibu hayatolewi kwa mikono mitupu, alimbeba kuku wake wa mwisho, mwekundu, amefungwa miguu kwa uzi wa bluu alioufumua kwenye sweta ya Ndunda. Msichana wa kliniki akampokea kuku, akamwonyesha benchi.

Alikaa tangu saa mbili. Kama saa nne hivi alisikia kuku akilia nyuma ya nyumba, mara moja, kisha kimya. Mafuta yakaanza kunukia. Mate yalimjaa, akayameza, yakamjaa tena. Saa saba akaitwa ndani.

Daktari alikuwa anakula chapati na maini. Sahani ilikuwa imekalia mafaili ya wagonjwa. Chini, kwenye karai la pamba zilizotumika na sindano, palikuwa na miguu miwili ya kuku, na uzi wa bluu ungali umefungwa.

"Keti, mama nani?"

"Mama Mbinya."

"Mama Mbinya, shukuru Mungu." Akaramba kidole gumba, akafungua faili. "Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Damu ni ya kutosha. Mjini wanasema hata maini yako iko sawa." Akakunja kipande cha ini ndani ya chapati, akakitia mdomoni, akaendelea kusema kikiwa mle mle. "Na ule ugonjwa watu wanaogopa, pia huna."

"Na hii rangi, daktari?"

"Angalia juu. Fungua macho. Unaona? Nyeupe! Mtu wa manjano ya ukweli, macho ndio hugeuka kwanza. Hiyo ni rangi tu. Kwenu hakuna watu weupe-weupe?"

"Hakuna. Na kuchoka? Nikiinama naona giza."

"Nani hajachoka, mama? Hata mimi nimechoka."

Mafuta yalishuka polepole kwenye kidevu chake. Kalekye aliyafuata kwa macho mpaka yakaanguka kwenye shati.

"Daktari, mimi chakula yangu ni..."

"Ah, chakula! Hiyo ni muhimu. Kula matunda. Matunda mingi-mingi, itakurudisha."

Kalekye alikuwa ameweka mikono juu ya mapaja, viganja juu, kama mtu anayeonyesha bidhaa.

"Basi niandikie tu kwamba mimi ni mgonjwa," akasema mwishowe. "Ni ya mahindi."

Daktari Onesmus akaacha kutafuna. "Unataka niandike uongo? Mimi niliapa, mama." Akachukua karatasi, akaandika mistari miwili kwa Kiingereza, akapiga muhuri. Alipoishika, mafuta ya vidole yakaacha alama, na pale palipoingia mafuta ungeweza kuona upande wa pili.

Ijumaa, kiwanja cha chifu kilijaa. Mzee Maundu alikuwa ameketi nyuma ya meza, amejikinga jua kwa kofia, anachokonoa meno kwa njiti. Musili, nyapara wake wa shambani, ndiye aliyesoma majina. Jina la Kalekye halikusomwa, lakini alisogea na laini mpaka mbele, kiroba kikiwa kimekunjwa kwapani.

"Wewe si ni wa kwangu?" Maundu akamwuliza.

"Ni mimi, mzee. Lakini niko na karatasi."

Maundu akaipokea kwa ncha za vidole, akaisoma kimya, kisha akainua sauti ili wa nyuma nao wafaidi. "Hii inasema huyu mama ni mzima. Hana malaria, hana taifodi, hana chochote. Musili, umesikia? Ako na damu safi kuliko sisi wote!"

"Labda atuuzie kidogo, mzee," akasema Musili, na watu wakacheka.

"Mzee, niangalie mikono."

"Nimeiangalia. Ni mikono ya mtu anakula. Kuna watu hapa hawajaona tunda tangu Krismasi, na wewe unang'aa kama taa."

"Siwezi kunyanyua kreti, mzee."

"Ukishindwa, sema. Kuna wanawake mia wanataka hiyo nafasi yako." Alisema hivyo kwa upole kabisa, njiti ikiwa bado mdomoni.

Nyuma ya Kalekye palikuwa na bibi mmoja kutoka ng'ambo ya kilima, mifupa ya mabega imetokeza chini ya leso. Akamgusa Kalekye mgongoni kwa bakora. "Mwanangu, toka kwa laini. Wacha watu wa njaa tupite."

Kalekye akafungua mdomo. Lile neno lilikuja lenyewe, likafika mpaka kwenye mpasuko wa ulimi. Lakini pale palikuwa na katekista, palikuwa na wazazi wa wenzake Mbinya shuleni, palikuwa na dada mkubwa wa Kyalo amekaa juu ya gunia lake ambalo tayari amepewa, anatazama. Akaufunga mdomo.

"Damu kama hiyo si ya kufichwa," Maundu akasema, akimrudishia karatasi. "Unaona tenti ile? Ni watu wa damu, wametoka mjini. Enda usaidie wagonjwa. Haya, anayefuata!"

Angekwenda nyumbani. Alikuwa amekwisha kugeuka. Lakini kando ya tenti walisimama vijana wawili waliotoka kutoa damu, kila mmoja ameshika nusu mkate na chupa ya soda. Mmoja alimega mkate, akautia wote mdomoni. Miguu ya Kalekye ikageuka kabla yake.

Ndani palikuwa na joto na harufu ya spiriti. Muuguzi kijana, aliyevaa beji iliyoandikwa Wavinya, akampandisha kwenye mizani.

"Kilo arobaini na tano, sista."

Mkubwa wake, mama mnene mwenye miwani, hakuinua kichwa. "Andika hamsini, chini ya hapo hawaruhusu. Tumeagizwa mifuko arobaini, tuko ishirini na mbili, na dereva anataka kutoka saa nane."

Wavinya akaandika hamsini. Akamdunga Kalekye kidole, tone likaanguka kwenye maji ya bluu, likazama moja kwa moja, maana yake damu inatosha. "Nzuri," akasema. Kisha akashuka na kalamu kwenye fomu. "Umeshawahi kuugua manjano? Hapana. Una mimba? Hapana. Umekula leo?" Alama ya ndiyo ilikuwa imeshawekwa kabla Kalekye hajapumua. "Lala hapa, mama."

Akalala. Sindano ilikuwa nene kuliko ya Onesmus. Alipewa mpira mdogo aubane na kuuachia, na mkono ule wa manjano ukabana na kuachia, ukabana na kuachia, huku mfuko uliokuwa chini ya kitanda ukivimba polepole.

"Mama, hii mikono yako ilifanya nini?" Wavinya akauliza kwa sauti ya chini.

"Damu ni safi. Karatasi ninayo."

"Sista, sijui kama huyu..."

"Wavinya! Umemaliza huyo?"

Pembeni, turubai lilikuwa limeinuliwa kuingiza hewa. Kutoka alipolala Kalekye aliona ua wa nyuma wa stoo ya chifu. Pikapu ya Mzee Maundu, ile ya kubebea kreti kule shambani, ilikuwa imerudi kinyumenyume hadi mlangoni, na vibarua wawili walikuwa wanapakia magunia. Musili alisimama na daftari, akihesabu kwa kidole. Kule mbele laini ilikuwa bado ndefu. Sauti ya Maundu ikasikika ikiwaambia watu kwamba chakula kimekaribia kuisha, wawe na subira.

Mfuko ukajaa. Wavinya akauchomoa, akaufunga, akaubeba kwa mikono miwili mpaka kwenye sanduku la barafu, mzito, mwekundu, ungali una joto la Kalekye. Hakuna mtu aliyekuwa amebeba kitu chake kwa uangalifu kiasi kile.

Alipojaribu kuketi, tenti ilizunguka. Kamasi nyembamba ilimtoka puani, ina harufu ile ile. Aliifuta kwa karatasi ya daktari.

"Taratibu, mama, taratibu." Wavinya alikuwa amerudi, anafunua boksi moja, anafunua lingine. Akasimama wima. "Sista, mkate?"

"Umeisha. Mpe soda."

Wavinya akachutama mbele ya Kalekye. Uso wake ulikuwa na haya kidogo. "Mama, mkate umekwisha. Lakini soda iko. Unataka Fanta ama Koka?"

Kalekye alikuwa anatazama boksi tupu.

"Mama? Wengine wanangoja kitanda. Unataka gani?"

"Ugali," Kalekye akasema.

"Nini?"

Akasema tena, kwa sauti, na wanaume waliokuwa kwenye foleni mlangoni wakageuka kumtazama, na katekista akiwa miongoni mwao.

"Nilikuwa nataka ugali. Niko na njaa."