Kukaa Bila Kuegemea

Mume wangu Ngassa hakuomba kutembea tena. Alisema miguu ilishamfikisha alikotaka, toka mashimo ya almasi kule Maganzo mpaka dhahabu za huku Geita, basi ipumzike. Alichotaka ni kukaa. Akae kwenye kigoda, mgongo wima, bila ukuta wala mto, siku wageni watakapokuja kumposa mjukuu wetu Ritha. Baba yake Ngassa aliwapokea wakwe hivyo, na yeye hakutaka kuwapokea akiwa amelazwa kama mzigo.

Alikuwa ameanguka na bodaboda, pingili moja ya uti wa mgongo ikavunjika. Alilala muda mrefu. Mfupa uliunga, lakini daktari alisema misuli ya tumbo na kiuno imelala mpaka imesahau kazi yake. Tukimkalisha, alipinda kama mgomba uliozidiwa na mkungu.

Mikono yangu ni ya kizee, haiwezi kushika mtu. Mwanangu Marselino anashinda machimboni. Aliyebaki ni mke wake, Eufrasia, na kwetu Wasukuma mkwe na baba mkwe wanaogopana. Hamgusi, wala hamtazami usoni akila. Siku moja nilitoka ndani nikamkuta Eufrasia amekaa chini nyuma ya mzee, amempa mgongo, anamenya karanga. Mzee alikuwa anakula ugali wake ameegemea mgongo wa mkwe wake, kila mmoja anatazama upande wake. Hakuna aliyemtuma. Tangu hapo ikawa hivyo kila mlo. Sijawahi kuona adabu na huruma zikipatana namna ile.

Ritha ni binti wa Eufrasia. Anafundisha mazoezi kwenye jimu moja mjini Geita, ambako watu wanavalishwa fulana yenye umeme wa kukaza misuli. Alimwuliza kwanza daktari wa babu yake kama moyo unaruhusu, akaomba ruhusa kwa mwenye jimu, ndipo siku yake ya mapumziko akaja na fulana hiyo hapa kwetu Buseresere.

"Babu, vua shati."

"Mke wangu, mchana huu? Bibi yako anatuona."

"Mwache aone. Mbavu zenyewe kama za mbuzi wa kiangazi."

Akaanza kuilowesha fulana kwa maji. Ngassa akamtazama.

"Maji na umeme. Kumbe kweli unataka kunirithi."

"Nirithi nini? Kigoda?"

Mzee alicheka mpaka akaegemea upande. Ritha akamkalisha sawa, akamfunga mikanda tumboni na kiunoni, akawasha kidude chake polepole. Umeme ulikuja kidogokidogo. Nilimwona Ngassa ametoa macho, tumbo limejikaza lenyewe, kisha ukakatika, akapumua.

"Kama siafu ndani ya nyama," alisema.

"Ukija, na wewe jikaze. Ukiuachia ukufanyie kazi, utabaki na uchovu tu. Huu unaiamsha misuli, babu. Kuamka ni kwako."

Kesho yake alikuwa na maumivu tumboni, akakataza mtu yeyote kumchekesha. Wiki iliyofuata Ritha alikuja tena, na nyingine tena. Siku moja aliuchukua mkono wangu akauweka kwenye kiuno cha babu yake.

"Bibi, unasikia inavyotetemeka? Haanguki huyu. Ni misuli inafanya kazi. Akitetemeka, mwache."

Eufrasia alikuwa kisimani wakati huo.

Mzee akaanza kukaa. Kwanza muda wa Ritha kuimba wimbo mmoja wa kanisani, baadaye muda wangu wa kuchambua sufuria ya maharage. Sauti yake nayo ilirudi, ile ya kutokea tumboni, ambayo tangu aanguke sikuwa nimeisikia. Ritha alimwomba mama yake amwache babu ajaribu kukaa mwenyewe hata wakati wa chakula.

"Ajaribu wakati wa mazoezi," Eufrasia alimjibu. "Akila, ale."

Wala mzee hakumkatalia. Alitaka Eufrasia ajionee siku ya wageni.

Wageni walitoka Tinde, wakiongozwa na baba mdogo wa kijana, Mzee Nkwabi. Tulikuwa tumefunga turubai uani. Marselino alimbeba baba yake, akamweka kwenye kigoda, akamwachia. Ngassa akabaki peke yake, mikono magotini, wima. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Ritha alikuwa ndani, maana anayeposwa hatoki mpaka aitwe.

"Mwadila, wazee," alisalimu Nkwabi. "Kwetu Tinde tumepotelewa na ndama. Tumefuata nyayo, zimeishia kwenye boma hili."

"Ndama anatoka Tinde mpaka Buseresere?" Ngassa akamjibu. "Basi ninyi mnachunga mkiwa mmelala."

Watu walicheka. Nkwabi naye alicheka, akajua amepata mzee wa kuongea naye. Wakarushiana maneno hivyo, nami nilimtazama mume wangu nikamwona yule kijana niliyeolewa naye.

Nkwabi akaingia kwenye ukoo wao. Alianza na babu wa babu yake, na hakuruka mtu. Nikaona mabega ya Ngassa yanaanza kutetemeka. Sikuogopa, nilijua ni nini. Uso wake ulikuwa umetulia, macho yako kwa mgeni.

Wakati huo Eufrasia alikuja na jagi la maji ya kunawa. Akaona mabega yale. Aliweka jagi chini, akazunguka nyuma ya kigoda, akavuta stuli, akakaa, akampa mzee mgongo.

Nkwabi aliacha ukoo wake katikati. Wote wakamgeukia Eufrasia. Mkwe kumgusa baba mkwe mbele ya wageni wa posa si jambo dogo, na Eufrasia alilijua kuliko sisi sote. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaona haya, lakini hakuondoka.

Mimi niliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Kati ya mgongo wake na wa mzee palikuwa na nafasi ya kiganja. Ngassa alikuwa bado amekaa mwenyewe. Alinitazama. Mpaka leo natafuta neno ambalo ningelisema pale, likamwokoa mmoja bila kumwaibisha mwingine, na sijalipata. Kisha mume wangu akarudi nyuma, taratibu, mpaka migongo yao ikagusana.

"Binti aliyelelewa na mama huyu," alisema Nkwabi, "hatuna la kuuliza tena."

Ritha akaitwa. Alitoka amejifunga kitenge kipya, anatabasamu, akaona kigoda, akamwona mama yake. Tabasamu likabaki mdomoni tu.

Wageni walipoondoka alimchuchumalia babu yake.

"Ulikuwa umechoka?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini, babu?"

"Mgongo wa mama yako ulishafika. Ningeukataaje mbele ya watu?"

Wiki iliyofuata Ritha alikuja na fulana, akailowesha kama kawaida. Mzee alikuwa kitandani, amegeukia ukutani.

"Mke wangu, ianike tu. Wageni wameshaondoka."

"Si tutafanya kwa ajili yako mwenyewe?"

"Nimekaa tayari. Umeniona hukuniona, nimekaa."

Ritha alibembeleza, akatania, mwisho akalia kidogo. Kisha akaikunja fulana ikiwa mbichi, akarudi nayo Geita.

Jioni nilikuwa jikoni na Eufrasia. Alikuwa anakanda unga, mikono mizima imejaa weupe.

"Mayu, mama," aliniambia bila kunitazama, "siku ile, Baba alikuwa anaanguka?"

Nilimtazama mgongo wake, ulivyoinama kwenye beseni.

"Alikuwa anatetemeka," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Huko chumbani Ngassa akaita, anataka mtu wa kumwinua. Eufrasia alifuta mikono, akaenda.