Safari za Mwalimu Hadi Dawati la Nyuma

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la Kunguni kulikuwa na nukta ishirini na moja, zimepangwa vizuri kuliko kitanda chake kilivyowahi kutandikwa.

Kunguni lilikuwa jina la bwenini. Alipewa na wasichana arobaini aliowakosesha usingizi, naye akalipokea kwa hotuba fupi ya shukrani. Mkuu wa shule hakuwa na utani wa namna hiyo. Siku kengele ya asubuhi ilipovishwa soksi na shule nzima ikalala mpaka jua likachoma, alimwita ofisini akasema kwa upole uliotisha kuliko kelele, "Mzaha mmoja tena, binti yangu, na godoro lako litatangulia kwenu."

Basi Kunguni akaacha mizaha, akaingia kwenye sayansi.

Sayansi yenyewe ilikuwa hii. Yeye na rafiki yake Mapengo walikaa dawati la nyuma kabisa, mahali pema pa kusinzia, isipokuwa Mwalimu wa Hisabati alikuwa mtu wa kutembea. Hakuweza kueleza jambo akiwa amesimama mahali pamoja. Alizunguka darasa zima, na kila alipofika nyuma aliinama akakagua madaftari. Kunguni akaazimia kumpima. Kwenye mhimili wa chini akaweka siku za muhula. Kwenye mhimili wa wima, mara ambazo mwalimu alifika kwao katika kipindi kimoja. Siku ya pili, mara kumi na nne. Siku ya kumi, mara kumi. Siku ya ishirini, tano. Siku ya kumi na mbili mwalimu hakuja shuleni, na nafasi ile Kunguni akaiacha wazi. Aliwahi kumdanganya matroni, mkuu wa shule na hata mama yake mzazi, lakini karatasi ya grafu aliiheshimu.

Jumanne alasiri, maktabani, alilaza rula katikati ya nukta zake akachora. Mstari ukateremka bila kusita hadi ukagusa mhimili wa chini kwenye siku ya thelathini.

"Ijumaa ya wiki ijayo," akatangaza kama anayesoma hukumu, "anafika sifuri."

Mapengo akaziba mdomo kwa viganja viwili. "Yaani haji kabisa? Shoga, mimi nakuja na mto!"

"Lete na shuka."

Wakacheka mpaka mkutubi akawatoa nje.

Kesho yake Kunguni alikaa macho makavu, penseli mkononi, akingoja nukta mpya. Mwalimu alikuja mara tatu. Ila kwa kuwa sasa alimtazama badala ya kumhesabu tu, aliona mengine. Kwenye safu ya tatu mwalimu alisimama akaangalia nje ya dirisha, na nje hakukuwa na kitu ila ukuta. Alishika ukingo wa kila dawati alilopita. Alipoinama kwenye daftari la Mapengo, goti lake la kulia halikukunjika, na pumzi ikamtoka kati ya meno.

Kunguni akaiweka nukta. Ilikaa palepale mstari ulipotaka. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikasirika kwa kupata jibu sahihi.

Alhamisi ilikuwa zamu yake ubaoni. Kila mmoja alitakiwa kuonyesha uhusiano wa vitu viwili alivyovipima kwa mkono wake, na Kunguni hakuwa na vipimo vingine. Akisema ukweli, atakuwa amemwanika mwalimu mbele ya darasa, na godoro lake litasafiri. Akazichora nukta zote na mstari wake, akashusha chaki.

"Mihimili haina majina," mwalimu akasema kutoka kwenye kiti chake. "Huu wa chini?"

"Siku za muhula, Mwalimu."

"Na wa wima?"

"Ni... mara, Mwalimu."

"Mara za nini? Za kuoga?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Kunguni, ambaye kwa kawaida kicheko cha watu kilikuwa chakula chake, alitazama viatu vyake. Mwalimu hakucheka. Alikuwa akipitisha kidole hewani, nukta kwa nukta, kisha kidole kikasimama.

"Hapa, siku ya kumi na mbili. Mbona hakuna kitu?"

"Siku hiyo sikupima."

"Kwa nini?"

Kunguni akapangusa chaki vidoleni. Mwalimu akaitazama ile nafasi wazi, akautazama mguu wake alioulaza juu ya kreti la chaki, akamtazama Kunguni. Hata Mapengo akaacha kutafuna.

"Na huu mstari umepita nukta ya mwisho," akasema hatimaye, taratibu. "Nani kakwambia utaendelea hivyo hivyo?"

"Rula, Mwalimu."

"Rula haina goti." Akamwonyesha dawati lake. "Vipimo ni vya kweli. Futa, ukae."

Akafuta. Hakuna aliyeitwa ofisini.

Ijumaa ya wiki iliyofuata mwalimu alifundisha akiwa amekaa. Zoezi likatolewa, na Mapengo, mtu wa ahadi, akaweka sweta juu ya dawati na shavu juu ya sweta. Kunguni akalivuta sweta.

"Amka. Tunapeleka madaftari."

"Kwani tumeitwa?"

"Hapana. Ndiyo maana tunakwenda."

Wakatoka wawili, na nyuma yao, bila kujua wanafuata nini, safu nzima ya nyuma. Mwalimu akainua macho, akaona foleni.

"Nani amewaita nyinyi?"

"Tunanyoosha miguu, Mwalimu," akasema Kunguni.

Mwalimu alitafuta kalamu nyekundu kwa muda mrefu, ingawa ilikuwa mfukoni. Akalisoma daftari mstari kwa mstari. "Swali la nne umekosea. Rekebisha, uniletee."

Kunguni akarudi nyuma, akarekebisha kwa dakika moja. Akalitazama jibu. Lilikuwa sahihi, na mwenye jibu sahihi hana safari nyingine. Akalifuta, akaandika kosa jipya, kubwa zuri.

"We! Hapo si umekosea tena?" Mapengo akamnong'oneza.

"Sana," akasema Kunguni, akainuka.